Vichupa Thelathini na Sita vya Baba Yetu Basili

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Evelyn, mtoto wa mwisho wa marehemu, sijazoea kusimama mbele za watu, naomba mnivumilie.

Baba yetu, Basili Primus, alizaliwa hapa Kilema tarehe 14 Mei 1948, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1956 hadi 1963, na mwaka 1968 akaajiriwa kufagia maabara mjini Moshi, ambako kwa bidii yake alipelekwa kozi, akarudi mwaka 1974 akiwa fundi wa maabara.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu Dominika, wakajaliwa watoto wanne.

Kuanzia 1988 kazi yake ilikuwa kukiondolea kijidudu jeni moja tu, yaani chembe moja ya urithi, kisha kukitazama kimeshindwa nini, ili ijulikane jeni ile ilikuwa na kazi gani, na sisi alitueleza kuwa ni kama kupika kiburu cha ndizi na maharage bila magadi ndipo ujue magadi yanafanya nini. Majirani walimtania kwamba wenzake wanafuga ng'ombe, Basili anafuga vijidudu, naye alicheka, akajibu kwamba vyake havihitaji kukatiwa majani.

Tarehe 17 Machi 2000 umeme ulikatika kazini, akaweka vichupa thelathini na sita vya vijidudu vyake, kazi ya miaka kumi na miwili, ndani ya chupa ya chai yenye barafu, avipeleke penye jenereta, akapitia nyumbani kwetu Njoro, pale pale Moshi, kumeza dawa. Mimi nilifungua ile chupa ya chai, nikadhani ni vichupa vichafu, na bila kuuliza nilivimwaga, nikavisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka vikang'aa, nikavianika juani.

Baba alivitazama, akaniambia, "Nyamaza mama, usimwambie mtu." Kesho yake alisema kazini kwamba alianguka navyo, akaondolewa kwenye utafiti, akapangiwa kuosha vyombo vya maabara hadi alipostaafu mwaka 2003, nami nilinyamaza.

Mwaka 2004 aliugua figo, akafariki hospitalini tarehe 9 Agosti 2005, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Njoro na Kilema, na ninyi wafanyakazi wenzake, mlioamini miaka mitano kuwa alikuwa mzembe na bado mmekuja kumbeba. Mzembe nilikuwa mimi, nisameheni.

Pumzika kwa amani, Baba, wewe hukuanguka.