C ya Nasreen Yaenda Kuposa

Hapa Likoni, benchi la nje ya duka la misumari, mwenye mazungumzo ni mimi. Waniita Redio, na toka Mtongwe mpaka Shelly hakuna asiyeijua sauti yangu. Jana alasiri, Luqman muuza kahawa katumiminia kikombe cha pili, nikawatolea wenzangu jambo zito. Nasreen, binti wa ndugu yangu, kamaliza digrii ya hesabu, sasa yuwataka chuo cha ng'ambo akafanye utafiti. Mwisho wa kutuma maombi ni magharibi ile ile. Lakini mwaka wa pili alipata C moja, basi simu kaishika tu, aogopa kutuma.

— Akate rufaa, akasema Khatibu. Twamwita Jaji kwa vile aliwahi kuuza madafu nje ya korti ya Shanzu.

— Rufaa wapi! Hiyo ni kadi ya njano tu, akadakia Abdulghani, yaani Kocha, ambaye hata mpira wa makaratasi hajaupiga. Ligi mpya ikianza, yafutwa.

— Kwa wazungu haifutwi! akasema Jaji. Wana mashine, ukipiga chafya darasani yaandikwa.

— Wallahi?

— Na rangi ya leso yako pia!

— Nyamazeni, nikasema. Hii ni posa. Chuo ndiye mwari, Nasreen ndiye aposaye. Sasa mposaji hujisemea mwenyewe? Si hutumwa wazee? Mimi nimeposa mabinti arubaini, sijarudishwa hata nyumba moja, na bwana harusi mmoja hakuwa na meno! Chuo chataka barua za watu wamjuao. Wazee ndio sisi!

Jaji akaweka kofia yake sawa. Nikafungua simu, nikarekodi:

— Asalaam aleikum wakuu wa chuo. Binti yetu ana adabu, hagombani na majirani, na mahamri yake yafura kama mito. Hiyo C, shetani alipita...

— Ami, waongea na nani?

Nasreen huyo, nyuma yangu.

— Na chuo chako, mwanangu.

Akacheka mpaka machozi.

— Shikamooni. Ami, wao wamtaka aliyenisomesha. Mwalimu wangu ashaandika: C niliipata mama alipolazwa, na somo lililofuata, gumu kuliko lile, nikapata A. Asema huenda wakatazama nilivyoinuka pia. Lakini hebu, mushawambia nataka kutafiti nini?

Kocha akanisukuma kiwiko nijibu.

— Hesabu, nikasema.

— Hesabu za nini?

— Luqman, niongeze kahawa.

— Imekwisha, Redio.

Nasreen akaketi pale benchini, ambapo mwanamke hajaketi tangu liundwe. Kocha akasogea pembeni kumpisha.

— Za foleni, ami. Vile watu wasubirivyo. Nilianzia hapo feri.

— Foleni ya feri! Nikaruka. Mwanangu, hiyo mimi naisomea tangu sijaota ndevu! Tuma! Waambie ami yako ni profesa!

Akavuta pumzi, akabonyeza. Mikono yote juu, twaomba dua, na Jaji kasema amin kabla sijaanza.