Kamanda na Wadudu wa Angani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya makreti ya soda, mbele ya kibanda cha kinyozi, na kila mtu pale alikuwa na sehemu yake. Kinyozi hakukaa, alisimama mlangoni na taulo begani, maana benchi lilikuwa lake na hakutaka mtu asahau. Ncha ya kulia alikaa Wakili, ambaye hakuwa wakili wa chochote. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo akaacha kuongea kama watu. Ncha ya kushoto alikaa Mama Kahawa na birika lake, akimimina kwa mkono mmoja na kumsuta mtu kwa mkono wa pili. Katikati yao alikaa fundi cherehani aliyeitwa Kamanda. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa sababu enzi za ujana wake, kwa maneno yake, hakukuwa na mtu mjini aliyemfikia kwa gemu la vita vya angani. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati, unatumbukiza sarafu, wadudu wa angani wanashuka kwa mistari, na Kamanda anawafyeka huku ukumbi mzima umeacha shughuli zake unatazama vidole vyake. Hadithi hiyo wenzake waliisikia mpaka wakaweza kumsaidia kuimalizia. Mashine zile zilishakufa, ukumbi umegeuka ghala la magodoro, na Kamanda alikuwa akilala usingizi mnono bila wasiwasi wa kuulizwa chochote.

Mpaka mchana ule, Kinyozi alipotoka ndani ameshika diski.

— Kamanda, hebu soma hapa.

— Miwani nimeiacha dukani.

— Basi nikusomee. Magemu yote ya kale ya angani, yamekusanywa pamoja, unacheza nyumbani kwenye televisheni. Na lile lako la wadudu limo. Mashine ya kuchezea ninayo, si unajua ile ya kuwatuliza wateja? Na televisheni nimeshaigeuza itazame mlangoni.

Kamanda alihisi kahawa imepita njia isiyo yake. Akakohoa, akajifuta, akacheka kicheko kirefu kuliko kilivyohitajika.

— Vizuri sana! Siku moja tutacheza.

— Siku moja ndiyo leo, — alisema Kinyozi. — Ukivuka raundi ya tatu, wewe ni Kamanda mpaka kaburini. Usipovuka, jina linarudi.

— Linarudi wapi? Nani aliyenipa?

— Hapo pana hoja ya kisheria, — Wakili akadakia. — Jina lisilotolewa na mtu haliwezi kurudishwa kwa mtu. Napendekeza ashushwe cheo tu. Aitwe Mgambo.

— Mwacheni anywe kwanza, — alisema Mama Kahawa. — Hamwoni kikombe hajakimaliza?

Hapo hapakuwa na pa kutokea. Kamanda aliingia, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akakabidhiwa pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Wenzake wakajazana nyuma yake. Wadudu wale wale wakatokea, wa kijani na wa njano, wamejipanga kama zamani, na moyo wake ukaruka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeona jamaa zake kituoni. Alikuwa bado anawatabasamia walipomlipua.

Kinyozi akahamishia taulo bega la pili.

— Hiyo ilikuwa kupasha misuli, — alisema Kamanda.

Akalipuliwa tena. Na tena.

— Tatizo ni hii pedi! — akafoka. — Zamani tulishika rungu la mashine, mkono mzima. Hiki kitu unashika kwa kidole gumba kama unamfinya mtoto. Halafu hawa zamani walianzia kushoto. Wamebadilishwa hawa.

— Ushahidi? — aliuliza Wakili.

— Jina langu lilikuwa juu kabisa ya orodha! Kila siku!

— Likaenda wapi?

— Jioni wakizima umeme linafutika.

— Kwa hiyo, — Wakili aliwageukia wengine kama baraza, — shahidi wake anafariki kila jioni na kuzikwa bila watu.

Mama Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini. Kamanda aliutazama mgongo wa mikono yake. Ile mikono ilijua. Aliamini hivyo kwa dhati, na kilichomuuma si kuchekwa, ila kwamba hata yeye sasa alianza kujiuliza kama ukumbi ule uliwahi kumtazama.

Kinyozi aliingiwa na huruma kidogo, au alitaka gemu liendelee.

— Mimi nafikiri wadudu wamejifunza. Miaka yote hiyo wamo humo ndani, hawana kazi nyingine. Wewe unapinda suruali, wenzako wanafanya mazoezi.

— Inawezekana, — alisema Wakili. — Kiumbe asiye na ajira ana muda wa kutosha.

— Nyie mnasema mazoezi, — Mama Kahawa akaingilia. — Mimi nasema kisasi. Aliua wangapi huyu, kwa maneno yake mwenyewe? Hao tunaowaona ni watoto wa marehemu, pengine wajukuu.

Kamanda akainuka nusu kwenye kiti.

— Wamenitambua! Ndiyo maana hawanipi hata nafasi ya kupumua! Kinyozi, cheza wewe tuone.

Kinyozi akacheza. Alilipuliwa haraka kuliko Kamanda.

— Umeona? Na wewe wamekuona unakaa na mimi!

Katika kuhangaika na pedi, Kinyozi alibonyeza kitufe cha pembeni, na tazama: mlipuko ukajikusanya, moshi ukarudi ndani, chombo chake cha angani kikawa kizima. Muda ulikuwa umerudi nyuma.

Wote wakasogea karibu na kioo, kwa heshima.

— Unakufa, halafu hufi? — alinong'ona Wakili.

— Huo ni wizi, — alisema Kamanda. — Mwanamume akifa amekufa.

— Wewe tangu nikumiminie kile kikombe umeshakufa mara kumi, — alisema Mama Kahawa. — Kilichobaki cha uanaume ni nini?

Kamanda alifikiria. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, akaishika pedi, akamsogezea Kinyozi upande ule wenye kitufe.

Wakajipanga. Kamanda alifyatua, Kinyozi alirudisha muda kila walipokufa, Wakili aliamuru kushoto na kulia na kuchanganya zote mbili, na Mama Kahawa, ambaye macho yake yalikuwa mazima kuliko ya wote, alitangaza bomu linapoangukia. Kwenye raundi ya pili kikatokea kitu. Kwa muda mfupi hakuna aliyekufa. Kidole cha Kamanda kilikwenda chenyewe, chombo kikapenya kati ya mabomu, kikarudi, kikafyatua, na mstari mzima wa wadudu ukatoweka. Kamanda alisikia machozi yakimkaribia, akayameza. Halafu akalipuliwa, Kinyozi akarudisha muda, na ule ufundi wote ukafutika pamoja na mlipuko.

— Umerudisha mno! — alilia Kamanda.

— Nitajuaje pa kuishia?

Walivuka ya tatu. Wakavuka ya nne, ya tano, wakipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Mwisho kioo kikang'aa, muziki ukalia, alama zao zikapanda juu kabisa ya orodha, na mashine ikaomba herufi tatu za jina la bingwa.

Ndipo akaingia mteja, mgeni kabisa, mtu mwenye ndevu za safari ndefu. Akatazama kioo, akawatazama wao wanne, watatu wamemng'ang'ania mwenzao kwenye kiti cha kunyolea.

— Hongereni, — alisema. — Nani alikuwa anacheza?

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili akaanza kuikagua pedi kama kielelezo cha mahakamani. Mama Kahawa alijishughulisha na mfuniko wa birika. Kamanda akafungua kinywa. Neno alikuwa nalo tayari, neno fupi, alilolitumia maisha yake yote bila shida, lakini lilikaa palepale kooni na halikutoka.

Muda wa kuandika ukaisha. Mashine ikachoka kuwasubiri, ikajiandikia yenyewe.

— A, A, A, — mteja alisoma. — Huyo ndiye nani?

Hata huyo, hakuna aliyemjua.

— Basi ni hatari, — alisema mteja. — Naomba kiti.

Jina halikuchukuliwa siku ile, na hakuna aliyethubutu kuliulizia tena. Ila ukipita pale leo ukaita, «Kamanda!», wanageuka wote wanne, na wa kwanza kuitika ni Mama Kahawa.