Bartolomeo Hhando, Mpika Soseji wa Karatu, na Swali la Mzee Lekoko

Wengi mliofika leo hapa Endamarariek mlimfahamu ndugu yetu kwa jina la Baba Soseji. Wapo ambao mpaka asubuhi hii, mlipokabidhiwa karatasi hii ya ibada, hamkujua kwamba alibatizwa Bartolomeo. Hakuna ubaya. Mwenyewe aliitika majina yote mawili, na lile la soseji aliliitika upesi zaidi.

Bartolomeo Martini Hhando alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Martini Hhando na mama yetu Angelina. Mama anasimulia kwamba mtoto huyu hakukimbilia chakula kama wenzake. Ukimpa uji aliunusa kwanza, akatafakari, ndipo akafungua mdomo. Baba yake akampa cheo cha mkaguzi, na mpaka alipoota ndevu wazee wa mtaa huu walimwita hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, akabaki kulima ngano na maharage na baba yake hadi mwaka 1993, mzee Martini alipouza fahali wake akampeleka Arusha kusomea upishi. Vijana wa rika lake walicheka mpaka wakashika mbavu: mwanamume kusomea kupika! Mzee Martini aliwajibu pale pale kilabuni, "Ninyi mkienda harusini mnauliza kwanza kama mpishi ni mwanamume? Mnakula, mnajilamba, mnaondoka. Mwacheni mwanangu."

Mwaka 1995 aliajiriwa katika hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alianza kwa kusugua masufuria, kisha akapandishwa kuwa mpishi wa kifungua kinywa: mayai, soseji, na zile hotidogi zilizofungwa kwenye maboksi ya chakula ya wageni wanaoshuka kreta alfajiri. Huko ndiko yalikotokea ya kabichi. Siku moja ndugu yetu, akipanga stoo, alifungua ndoo akakuta kabichi imechacha. Akainusa, maana pua yake aliiamini kuliko maandishi, akaibeba ndoo nzima na kuimwaga shimoni. Jioni wakafika wageni wa Kijerumani.

"Bartolomeo, kabichi ya Wajerumani iko wapi?" mpishi mkuu akauliza.

"Ilioza, bosi. Nimeimwaga."

"Umeimwaga? Ile inachachushwa makusudi! Ndiyo wanayowekea soseji!"

"Makusudi?" Bartolomeo akasema, na waliomjua wanaweza kumwona alivyokodoa macho.

Lakini hakuzubaa. Alikata vitunguu vya Mang'ola vyembamba kama uzi, nyanya, giligilani na pilipili mbuzi, akakamulia ndimu, akaijaza kachumbari hiyo juu ya kila soseji. Wageni wakaomba bakuli la pili. Tangu siku hiyo alikuwa na msemo wake: soseji ni mgeni tu, kinachowekwa juu yake ndiyo karibu. Na kila mtu alimjua kwa karibu yake. Madereva wa watalii walitaka vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Wazungu haradali. Mwalimu mmoja wa Kansay, ambaye leo yupo hapa na hatutamtaja, alitaka parachichi na mayonezi, na nyumbani akasema ameacha kula mafuta.

Katika hoteli hiyo alikutana na Naisenya, binti wa Mzee Lekoko wa Loliondo, aliyekuwa akifanya kazi upande wa dobi. Naisenya alikula soseji yake kwa kuimwagia maziwa mgando. Bartolomeo, mtu aliyekwisha kuona kila aina ya ulaji wa dunia, aligeuka akatazama ukutani. Lakini alipendwa naye akapenda, na mwezi Oktoba mwaka 2000 alisafiri hadi Loliondo na baba yake mdogo, Lazaro, kupeleka posa.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa kuwa marehemu mwenyewe alipenda kuusimulia. Mkono mtupu haulambwi. Walibeba sukari, blanketi, ugoro na asali, kama walivyoelekezwa. Juu ya hivyo Bartolomeo, kwa ushauri wa moyo wake tu, akabeba deli la barafu lililojaa soseji alizozitengeneza kwa mikono yake kutokana na ndama mnono. Alizichoma bomani, akazipanga kwenye sinia, akamkaribisha Mzee Lekoko mbele ya wazee wenzake. Mzee alikata moja kwa kisu chake, akaitazama ndani.

"Hii ni sehemu gani ya mnyama?"

"Zote, mzee," Bartolomeo akajibu kwa fahari. "Paja, bega, mbavu, kidari. Zimesagwa pamoja."

"Pamoja?"

"Pamoja kabisa. Ndiyo utamu wenyewe."

Mjomba Lazaro... la, yeye alikuwa baba mdogo, lakini siku hiyo angekubali kuitwa jina lolote ili aondoke pale. Alianza kumvuta Bartolomeo koti. Kwa desturi ya boma lile la Kimaasai mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe: kuna cha wazee, kuna cha akina mama, kuna cha morani, na mtu mzima hatii mkono kwenye cha mwenzake. Sasa huyu mkwe mtarajiwa kutoka kwa Wairaqw, watu ambao babu zao na babu wa boma lile walichukuliana ng'ombe kwa zamu, alikuwa amewachanganya wote ndani ya utumbo mmoja.

"Kijana," Mzee Lekoko akasema, "nikila hii nitakuwa nimekula sehemu ya nani?"

Bartolomeo akazifunika soseji zake. Sinia lilirudi lilivyokwenda.

Posa haikukataliwa. Mahari ilikamilika, na tarehe 2 Februari 2002 Bartolomeo na Naisenya walifunga ndoa takatifu kanisani Karatu. Mzee Lekoko alikuja, akabariki, na kwenye meza ya karamu akanywa chai tupu. Alipoaga alimwambia mkwe wake, "Binti nimekupa, maana huyo namjua. Chakula chako sijakijua." Neno hilo lilimuuma Bartolomeo kuliko alivyokubali kusema. Alikwisha kufiwa na baba yake mwaka uliotangulia, na alitamani mno mzee yule ampokee kama mwana, si kama mpishi aliyepita njia.

Basi akaanza upya. Akawa anatengeneza soseji za sehemu moja moja bila kuchanganya: za mbavu akazifunga kwa uzi mwekundu, za paja kwa uzi mweupe, za kidari kwa uzi wa bluu. Kila Desemba walipokwenda Loliondo alimpelekea mzee zenye uzi mwekundu, kwa sababu mbavu bomani pale ni za wazee. Shemeji zake walikula. Watoto walipigania. Mzee Lekoko aliigeuza soseji kwa ncha ya kisu na kuuliza lile lile.

"Sehemu ya nani?"

"Ya mbavu, mzee. Ya wazee."

"Ndivyo unavyosema wewe. Mimi sikuona ikikatwa."

Kisha alirudisha sahani kwa upole kabisa, kama mtu anayerudisha kiti alichoazimwa. Naisenya alimwambia mumewe aache, baba yake ni mbishi tangu ujana. Bartolomeo akamjibu kwamba mzee ana haki: nyama iliyosagwa hakuna ajuaye ndani yake kuna nini ila aliyeisaga, kwa hiyo kuila ni kuliamini neno la mtu. "Siku atakayokula," alisema, "nitajua ameniamini." Akaendelea kupeleka, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2020 watalii walipotoweka kwa ajili ya korona, hoteli ilipunguza watu naye akawa mmoja wao. Hakulaumu mtu. Alifungua banda karibu na stendi ya Karatu, akaoka skonsi ndefu kwa ngano ya kwetu, na nyuzi zake za rangi zikamfuata huko. Mteja alichagua uzi kwanza, kisha akachagua kinachowekwa juu. Mliopita pale mnazikumbuka zile kelele za vijana: "Oya mshua, ya bluu moja, mwaga chachandu mpaka ilowe!" Naye akiwajibu, "Ikilowa utakula mkono wako." Mama Angelina aliipenda bila kitu chochote juu, na chai ya rangi pembeni, na ndiye mteja pekee aliyeruhusiwa kusema kwamba chumvi imezidi.

Mwezi Mei 2023 chakula kilianza kumkwama kifuani. Alipimwa, akapelekwa hospitali ya rufaa, na ikaonekana ni saratani ya umio. Alipata matibabu kwa muda mrefu, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia. Novemba 2024 alirudi nyumbani akiwa analishwa uji kwa mpira. Mungu ana siri zake: mtu aliyelisha Karatu nzima, yeye mwenyewe asiweze kumeza tonge. Ilituuma, na inatuuma bado. Lakini hata hapo hakuacha kazi. Aliketi kwenye kiti jikoni, akanusa mchanganyiko kama alivyonusa uji utotoni, akasema, "Pilipili manga kidogo," kisha Naisenya akaonja kwa niaba yake. Hawakukosea.

Jumapili tarehe 17 Agosti mwaka huu, alasiri, gari lilisimama uani akashuka Mzee Lekoko na fimbo yake. Kwa heshima za ukwe hakuwahi kukanyaga chumba cha kulala cha binti yake. Siku hiyo aliingia moja kwa moja, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mkwe wake.

"Naisenya," akasema, "niletee ile ya uzi mwekundu."

Naisenya akadhani amesikia vibaya. Akauliza kama ailete kavu.

"Wekeni vyote wanavyoweka watu. Mimi si mgeni hapa."

Aliletewa soseji ya mbavu ndani ya skonsi, na kachumbari, vitunguu vya kukaanga, haradali na chachandu. Hakutoa kisu. Hakuipasua kutazama ndani. Aliishika kwa mikono miwili, akamwinamia Bartolomeo, akauliza kwa sauti ya chini swali lake la siku zote.

"Sehemu ya nani?"

Sauti ya Bartolomeo ilikuwa imebaki kidogo sana. Midomo ndiyo iliyosema zaidi.

"Ya baba."

"Sidai," mzee akajibu, ambayo kwa Kimaasai ni vyema. Akala. Alikula yote, taratibu, mbele ya mtu asiyeweza tena kula, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye shuka lake. Alisema ni pilipili. Hakuna aliyembishia. Bartolomeo alimtazama mpaka tonge la mwisho, na Naisenya anashuhudia kwamba hakuwa amemwona akitabasamu vile tangu augue.

Ndugu yetu alifariki nyumbani kwake Karatu alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Alikuwa amepokea mpako wa wagonjwa, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Naisenya. Watoto watatu, Witness, Goodness na Leonce. Dada na kaka. Na baba yake mdogo, Lazaro, ambaye bado anamkumbuka kila alionapo koti lile alilomvuta Loliondo. Ameacha wazazi wawili: mama yake, Angelina, na baba yake, Mzee Lekoko wa Loliondo. Tulipoandaa karatasi hii jina la mzee liliwekwa chini, pamoja na wakwe. Yeye mwenyewe ameagiza lihamishwe, liandikwe hapa.

Bwana ampe pumziko jema mtoto wao.