Kura ya Mbwa wa Kulungu

Benchi liko mbele ya duka langu, pale njia panda, huku mashariki mwa Karolina Kaskazini, na kahawa naipika mimi, maana nikiwaachia wenyewe wataunguza birika. Asubuhi ile watatu walishakaa: Delmar Tatum, tunayemwita Baragumu kwa ile pembe ya ng'ombe anayowaitia mbwa wake, Wendell, yaani Mbunge, ambaye hajawahi kugombea hata ukatibu wa kanisa, na Otis Nusu Shati. Kwetu ukimfyatulia risasi kulungu ukamkosa, wenzako wanakukata pindo la shati na kulipigilia ukutani. Otis kavalisha ukuta mzima. Jioni halmashauri ya kaunti ingepiga kura: kuwinda kulungu kwa mbwa, ruksa au marufuku. Ikipita marufuku, Baragumu atawagawa mbwa wake, na tangu mkewe afariki hana mwingine wa kuongea naye nyumbani.

— Jambo hili kalianzisha yule mama wa mjini aliyenunua shamba la marehemu Purvis, alisema Mbunge. Kwenye ombi la marufuku sahihi ya kwanza ni yake.

— Kisa?

— Mbwa wanaingia kwake.

— Mbwa hajui kusoma kibao, bwana! Baragumu alifoka. Halafu wanabweka tu. Mwenye kelele hana neno.

— Hana neno, mbona kulungu anakimbia? aliuliza Nusu Shati.

— Mimi nasema katumwa na kampuni za bima, alisema Mbunge.

— Bima ipi? Kulungu wanavyogonga magari, bima wangetaka waishe wote!

— Basi katumwa na mafundi wa kunyoosha bodi.

— Hamjui kitu, alisema Nusu Shati. Kulungu wenyewe wana mtu wao mle halmashauri.

— Basi ni wewe, ndugu yangu, Mbunge alimjibu. Hujawahi kuwadhuru.

Hata Baragumu alicheka. Niliwaongezea kahawa. Gari likasimama, akashuka yule mama mwenyewe, Bi Corinne, buti zimejaa tope. Wote watatu walisimama wakavua kofia. Adabu wanazo, nisiwasingizie.

— Hamjambo, wazee. Nina swali moja. Nasikia mzee Purvis mlikuwa mkimpelekea paja la kulungu kila msimu, kwa kuwa mbwa wenu wanapita shambani kwake. Kweli?

— Kweli kabisa, mama, Baragumu alijibu. Ndiyo desturi yetu.

— Kwangu mmepita misimu miwili. Paja langu mlimpa nani?

Walikuwa wameshaamua kwamba mtu wa mjini hali nyama ya porini, wakaligawana.

— Tulidhani... alianza Nusu Shati.

— Nimekua nikila kulungu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kunisalimu. Basi tutaonana ukumbini jioni.

Alinunua maziwa kwangu akaenda zake. Baragumu aliweka kikombe chini.

— Mbunge, friza lako lina nini?

— Soseji.

— Za kulungu?

— Za kulungu. Na paja moja, la Krismasi.

— Inuka.

— Lakini bwana, Krismasi...

— Inuka, nimesema!

Waliinuka wote, vikombe bado vimejaa. Nusu Shati alinigeukia.

— Mama, tukifika kwake tuseme nini?

— Anzeni na hodi, nikamwambia.