Chupa Safi za Dolna Krusha

Saa hii, wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Profesa Nevyana Kotseva, mtaalamu wa fiziolojia, aliyezikwa Jumanne kijijini kwao, Dolna Krusha. Alichunguza figo na shinikizo la damu kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza akiwa na hofu. Figo zilimuua mama yake, kisha shangazi yake. Matangazo ya vifo, ambayo kwa desturi ya kwao hubandikwa langoni, yalijaa kwenye lango lao, picha juu ya picha. Ugonjwa wenyewe haukutajwa; nyumba iliyojulikana kuwa nao, binti zake hawakuposwa.

Kila mwezi wa Mei, Nevyana alikusanya chupa za mkojo na kuwapima watu shinikizo. Miaka miwili mfululizo chupa zilikuwa safi. Shinikizo lilikuwa la kawaida. Akapima la kwake pia: la kawaida. Hakujipima zaidi.

Kisha majirani wawili wenye chupa safi wakafa. Kwa figo. Hapo aling'amua jambo lililomjengea jina: ugonjwa wa kwao uliteketeza figo kimya kimya, shinikizo lisipande hadi mwishoni. Narudia: shinikizo la kawaida halikumhakikishia mtu usalama. Lakini mkojo ule safi, je?

Alimkuta mdogo wake, Dafinka, jikoni akichoma pilipili. Dafinka alijaribu kucheka, kisha akakiri. Binti yake alikuwa amechumbiwa. Chupa zote za nyumba alizijaza mkamwana wao, aliyetoka milimani, kusiko na ugonjwa. Maskini alikunywa maji kutwa. Nyumba nyingi zilifanya vivyo hivyo.

Nevyana akamtaka ajaze yake mwenyewe, sasa hivi.

"Anza wewe, dada," Dafinka akasema. "Unatupima kama ng'ombe wa shamba la ushirika. Wewe nani amekupima?"

Profesa akachukua chupa yake. Chupa mbili zikawekwa mezani, kila moja ikatiwa tone la asidi, ambalo huugeuza mweupe mkojo wa figo zinazougua. Ya Dafinka ilibaki safi. Ya Nevyana ikageuka nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Nilitamani yangu nayo ichafuke," Dafinka alituambia, "asibaki peke yake."

Nevyana alimwomba awasimulie majirani, asifiche kitu. Asubuhi iliyofuata wanawake walisimama langoni, kila mmoja na chupa yake mwenyewe. Aliwapima wote. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, minne ya mwisho kwa mashine ya kusafisha damu.

Pole sana, Dafinka, wewe na jamaa zako wote. Nawe msikilizaji uliyeficha majibu ya maabara bila kuyasoma, tunaijua hofu hiyo. Yafungue leo. Mwite mtu akae karibu nawe.