Nazzarena Toccaceli na Kura Moja Iliyopungua Faetano

Padre wetu, Mheshimiwa Kapteni wa Faetano, majirani wa pande zote mbili za kijito, ndugu na marafiki mliopanda kilima hiki kwenye baridi, kwa niaba ya familia za Toccaceli na Ricciotti nawasomea historia ya dada yetu Nazzarena, ambaye nyote mlimwita Nena. Mimi ninayesoma ni Settimio, mdogo wake wa pekee, na humu nimejiandika kwa jina kama wengine wote, kwa sababu historia ni yake. Mpwa wangu Delia aliipitia jana akaikubali, lakini asubuhi hii niliongeza karatasi chache ambazo hajaziona, naye namwomba anivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, katika nyumba ya mawe iliyo chini ya kanisa hili, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Pompeo, mchonga mawe wa Mlima Titano, na mama Leda, aliyefuga sungura na kutunza mizabibu. Alipokuwa na miaka sita, vita vilipotufikia sisi wa nchi hii ndogo iliyozungukwa na Italia, ambao hatukuwa na ugomvi na mtu, familia ilijificha katika handaki la reli pamoja na maelfu ya wakimbizi, ng'ombe na kuku, na humo Nena alilala blanketi moja na mtoto wa jirani wa rika lake, Oride Stolfi, na kuanzia siku hizo ukimtafuta mmoja uliwapata wawili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Faetano hadi mwaka 1949, na wanafunzi wenzake waliobaki bado wanacheka wakikumbuka siku mwalimu alipowaambia wachore ramani ya nchi yao, Nena akamaliza wa kwanza, akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, karatasi imebaki kubwa, nichore na ya jirani?" Mwaka 1953 aliajiriwa katika karakana ya vyombo vya udongo kule Borgo Maggiore, akapaka rangi sahani na vibia vya majivu kwa ajili ya watalii wanaopanda asubuhi kutoka pwani ya Rimini na kushuka jioni, na kwa miaka thelathini na minane alichora minara yetu mitatu ya Mlima Titano hata akawa anasema, "Naichora hata nikipiga chafya." Mwezi Septemba 1964, wanawake wa nchi hii walipopiga kura kwa mara ya kwanza, alikwenda na Oride, wote wawili na viatu vipya, na aliporudi alimwambia baba, "Mzee, leo tumelingana," na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimmiminia divai katika bilauri yake mwenyewe.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 29 Aprili 1967 na bwana Egidio Ricciotti, fundi wa matrekta kutoka Ospedaletto, ng'ambo ya kijito cha Marano, mahali ambapo ukipuliza filimbi hapa wanakusikia kule, lakini ni Italia. Kwa sheria ya wakati ule, mwanamke wetu aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia, na mwanamume wetu aliyeoa mgeni alimwingiza mkewe katika daftari la raia, kwa hiyo Nena alitoka kanisani akiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, na mwaka 1970 Settimio alipomwoa Franca wa Rimini, Franca akawa raia. Siku ile ya harusi Nena aliinua bilauri mbele ya wageni wote akasema, "Karibu nchini, wifi, shika nafasi yangu, bado ina joto," watu wakacheka sana, na Settimio naye alicheka.

Egidio alihamia hapa, na kila kibali kilipokwisha Nena alipanda mjini kuomba ruhusa ya kuishi katika nyumba ambamo kitovu chake kilizikwa, na Settimio, ambaye alikuwa karani wa serikali na alijiona mjanja, alizoea kumchokoza mezani, "Mgeni, umeshapigiwa muhuri?" naye alikuwa akijibu, "Nimepigiwa, mwenye nchi, sasa nipishe kwenye kiti changu." Aliucheza mzaha huo kwa ustadi, lakini Egidio alituambia baadaye kwamba Nena akirudi nyumbani alikuwa analia huku anaosha vyombo.

Mnajua wote desturi yetu, kwamba Makapteni wakuu wawili wanaoongoza nchi nzima hubadilishwa kila miezi sita, mwezi Aprili na mwezi Oktoba, na Jumapili ya kwanza baada ya hapo raia yeyote anaweza kuwapelekea ombi lililoandikwa. Nena aliandika ombi la kutaka sheria ile ifutwe, lakini hakuwa na haki ya kulisaini, kwa hiyo aliyesaini ni Oride, kuanzia Jumapili tarehe 6 Oktoba 1974, na kwa miaka kadhaa walipanda pamoja, Nena akibaki nje uwanjani na Oride akiingia ndani, mpaka mpokeaji akawa anauliza, "Bibi Stolfi, ni lile lile?" na Oride anajibu, "Ni lile lile, bwana, na miezi sita ijayo utaliona tena, usilitupe mbali."

Jumapili tarehe 25 Julai 1982 nchi iliitwa kuamua kwa kura kama sheria ile ifutwe au ibaki. Nena alikuwa amepita mlango kwa mlango kwa majuma sita, na kwa kuwa huku hatuwezi kufichana, waliokataa walimkatalia usoni, na waliokubali aliwaandika majina, wakawa sitini na watatu katika chumba chetu cha kura. Yeye mwenyewe alikaa kutwa nzima nje, juu ya ukuta, na jioni matokeo yaliposomwa, sheria ilikuwa imebaki kwa nchi nzima, na chumba chetu kilikuwa na kura za ndiyo sitini na mbili.

Iliyopungua ilikuwa ya Settimio. Aliingia nyuma ya pazia akiwa na nia njema, akakumbuka maneno ya wenzake wa ofisini kwamba nchi ndogo namna hii itajaa wageni, akawakumbuka wanawe wawili na kazi za serikali zinazohesabika kwa vidole, akaweka alama kwenye hapana, akatoka nje, akambusu dada yake na kumwambia, "Nimekupigia."

Kushindwa kwa nchi nzima Nena alikuvumilia, maana alikutarajia, bali ile kura moja ya mtu aliyempa mkono wa ahadi ilimkata maini. Oride alikuwa ameangua kilio matokeo yaliposomwa, na Nena, kwa uchungu wake, akalichukua chozi la huruma kuwa ni chozi la hatia, akamwambia hapo nje, watu wote wakisikia, "Mkono wako unasaini mchana, kisha unafuta nyuma ya pazia." Oride alisema, "Nena, mimi?" naye akajibu, "Wewe, na usinivukie mlango tena." Settimio alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Kuna mtu aliyemuuliza Nena, na mdogo wako je, naye alisema, "Huyo ni damu yangu, simkagui," na jioni ile alimpikia Settimio sungura kwa shamari ili kumshukuru, na Settimio alikula akamaliza.

Sheria ilikuja kubadilishwa baadaye, Nena akarudishwa katika daftari la raia, akapiga kura tena, safari hii peke yake. Oride alijaribu mara mbili kubisha hodi, na mara zote mbili mlango haukufunguliwa, na kwa miaka thelathini na sita na nusu wanawake hawa wawili waliishi hatua arobaini mmoja kutoka kwa mwenzake, wakinunua mkate duka moja kwa saa tofauti.

Marehemu alijaliwa mtoto mmoja, Delia, aliyezaliwa tarehe 8 Novemba 1969, na wajukuu wawili, Ivo na Mirta, ambao aliwafundisha kukanda unga wa piada, mkate wetu wa bapa, na kubishana kwa hoja. Alifiwa na mumewe Egidio tarehe 2 Mei 2006. Alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2016, na mwezi Januari mwaka huu alilazwa katika hospitali ya Cailungo. Alhamisi tarehe 7 Februari Settimio alikwenda kumwona akiwa amekata shauri kusema, na kabla hajafungua kinywa Nena alimuuliza, "Unadhani Oride atakuja?" Settimio akasema, "Ukitaka nitamwita." Nena akasema, "Nitamwambia nini, mimi niliyemfukuza? Na kama hakuwa yeye?" Pale pale ndipo palikuwa mahali pa kusema, hapakuwa na mtu mwingine chumbani, na Settimio alimuuliza kama anataka maji. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini, kabla mtu yeyote hajamwambia ukweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Cailungo waliomtunza kwa upole hata alipowakemea, wafanyakazi wenzake wa karakana walioleta maua, Padre wetu kwa sala, na majirani waliopika, waliofagia theluji ya njia hii na waliokesha na Delia nyumbani.

Na sasa naacha kujiita kwa jina. Dada Oride, nakuona umekaa benchi la mwisho karibu na mlango, umekuja na fimbo yako bila kuitwa na mtu. Haikuwa wewe. Ilikuwa mimi, na nilimwacha dada yangu akuchukie mpaka anakufa, kwa sababu niliogopa asinichukie mimi. Sikuombi unisamehe hapa mbele za watu, hiyo ingekuwa kukulazimisha. Nakuomba kitu kimoja tu, kwamba tutakapotoka hapa wewe utembee wa kwanza nyuma ya jeneza, pale panapostahili ndugu, nami nitakuja nyuma ya wote.

Nena, pumzika kwa amani, ambayo hukuipata kwangu. Oride amekuja.