Kipimo cha Wanza

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Reuben weka hiyo simu mfukoni, kwa sababu pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu na sitaki kuimaliza nikishindana na Nairobi. Kamanthe, niliyekupa jina la mama yangu na kukuita mwaitu, mama yetu, tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni, fungua mlango wa kibanda changu cha kazi mpaka mwisho, niione pikipiki nikiongea. Hapo hapo. Asante.

Mimi baba yenu, Bartholomew Kisilu, fundi wa Mitaboni, nasema haya akili zangu zikiwa timamu, ingawa miguu imenikataa na kifua kinanibana tangu mvua ilipokatika. Shamba mtagawana kwa lile tuta lenye mfereji: upande wa juu ni wa Reuben, upande wa chini wenye miparachichi ni wa Kamanthe, na mtu yeyote asimwambie kwamba binti aliyeolewa Yatta hana shamba kwao, kwa maana huyo ndiye aliyekuja kunipalilia. Nyumba ni yenu wote. Mashine ya kuchomelea, misumeno na tupa zangu zisiuziwe watu wa vyuma chakavu hata wakija na maneno matamu. Hayo ni mepesi, na kama yangekuwa hayo tu ningewaambia kwa simu.

Nimewaita kwa ajili ya pikipiki. Nimewasikia jikoni, masikio yangu bado mazima: mmoja anataka iuzwe, mwingine anataka kile kiti cha pembeni kikatwe ibaki pikipiki kama za wengine. Ngojeni kwanza mjue mnakata nini.

Mama yenu, Wanza, alipoteleza kwenye matuta akaumia nyonga, hakuweza tena kupanda pikipiki, kwa sababu mguu haukuinuka, na kutembea hadi kanisani Kathiani ilikuwa ni kujitesa. Vile viti vya dukani vya kuwekwa ubavuni mwa pikipiki hatungeviweza hata tukiuza ng'ombe. Basi nikabomoa kitanda chetu cha kwanza, kile cha mabomba mlichozaliwa juu yake, nikayapinda kwa moto nikafanya fremu, nikatafuta gurudumu la pikipiki iliyokufa, nikakata mpira wa tairi kuukuu uwe wa kupunguza mitikisiko, na pa kuegemea nikapashona gunia. Nilijisifu sana siku hiyo. Mama yenu akakaa, miguu ikaning'inia hewani, akaniangalia, akasema, "Kisilu, umenipima kama mlango."

Akaketi pale kizingitini, akachukua mkonge wa kiondo chake, akausokota pajani mpaka ukawa uzi, akaniambia weka fimbo yako ya kupimia chini na unipime mimi. Nikashika nyonga yake, nikavuta uzi hadi kisigino, nikafunga fundo; nikavuta kutoka kwapani hadi mkono unapotaka kushika, nikafunga lingine. Tangu siku hiyo sikupima tena mtu kwa njia nyingine. Dereva wa boda mwenye miguu mifupi, mzee ambaye goti halikunji, mama mwenye mkono mmoja aliyetaka breki ihamie kushoto, wote niliwapima kwa uzi aliosokota Wanza, na kila mtu uzi wake ulining'inia kwenye msumari wake ukutani. Vyuma vilikuwa vya kuokota, lakini vilimkaa mtu sawasawa. Uzi wa Wanza ulikuwa kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango.

Reuben, usiinamishe kichwa. Siku tulipomzika mama yako upepo ulikuwa unang'oa turubai, na wakwe walikuwa wameleta kuku bila kuwafunga, ukakimbilia kibandani ukaona vipande vya mkonge kwenye misumari ukadhani ni takataka za fundi mzee. Ukafunga turubai. Ukafunga kuku. Mimi nikiwa nimekaa mbele ya watu nimevaa koti la suti, nikaona jogoo anapita na mafundo ya Wanza mguuni. Baada ya mazishi walioosha vyombo wakafagia kila kitu wakachoma. Sikukugombeza, kwa sababu watu walikuwa wengi, na watu walipoondoka nikaona nimechelewa. Nikaanza kutopokea simu zako nikakuambia mtandao ni mbaya. Mtandao wa Mitaboni haukuwa na shida yoyote.

Sasa mnaelewa. Wateja ningeweza kuwapima upya. Yeye hapana. Kipimo chake kilibaki mahali pamoja tu, kwenye kile kiti.

Nilijaribu kukikalia. Magoti yaligonga ukingo, maana alikuwa mfupi, nikatoka haraka kama niliyekalia mtu. Jumapili nikienda kanisani kiti kilikuwa kitupu na watu wakanitania, Kisilu, toa hilo karai. Siku moja nikaweka gunia la mahindi hapo nilipotoka sokoni, na pale kwenye kona ya mteremko pikipiki ikatulia kama zamani, kwa sababu ilipata uzito upande wake. Nikasimama kando ya barabara nikalia, mzee mzima, watu wa boda wakidhani nimeishiwa petroli. Upweke, wanangu, mimi nilidhani ni kukosa mtu wa kuongea naye. Kumbe hata kuongea si kitu. Mikono ilipoanza kutetemeka wateja wakaisha, na wateja walipoisha sikuwa na mtu wa kumshika nyonga wala kisigino, wala wa kunishika mimi. Nesi hunifunga ule mpira wa presha mkononi, ananisalimia mkono wa haraka, basi.

Nipe maji kidogo, mwaitu.

Haya ndiyo maagizo. Mwelu, yule fundi cherehani wa sokoni ambaye mguu wake haukunji tangu utotoni, nilimwahidi kiti na nguvu zikaniishia kabla. Pikipiki na kiti chake ni za Mwelu na mumewe. Msininunie. Kikanyagio kishushwe kimfae, na Reuben ndiye atakishusha, mashine anaijua, nilimfundisha. Lakini kabla msumeno haujagusa chuma, chukueni kipimo cha mama yenu kutoka kitini: ukingo wa kiti hadi kikanyagio, fundo, mgongo hadi mshikio, fundo. Kamanthe, ule mkonge niliokuagiza utoke nao Yatta, nimekuona leo asubuhi ukiusokota pajani kama yeye. Nilijifanya nimelala. Uzi mmoja ni wa hiyo kazi. Utundikeni kwenye msumari wa karibu na mlango, na asiufungie mtu kuku.

Reuben, sina neno na wewe tena. Liliisha asubuhi ulipoingia na kuniita baba. Njoo, na wewe njoo, mfungue vifungo vya shati, niwatemee mate kifuani jinsi baba yangu alivyonibariki, padri atanisamehe. Mate yamekauka... yatatosha. Mzae, mlime, msikae kimya mwaka mzima kwa sababu ya kitu ambacho mngesema mara moja. Mungu awaangalie. Mungu... awaangalie.

Bado uzi mmoja. Ule uzi wa pili ni wangu. Nimepima watu kutoka hapa hadi Kathiani na hakuna aliyewahi kunipima. Sitaki nipimwe nikiwa baridi na watu wasionijua. Reuben, shika hapa nyongani. Shika vizuri, sivunjiki. Mwaitu, vuta hadi kisigino... eeh, hapo. Mkono wako una joto. Ulikuwa hivyo hivyo wa mama yako.

Msiharakishe. Vuteni tena, polepole... hata kama mmeshapata.

Utundikeni... msumari ule ule. Nyuzi mbili.

Reuben, usiachilie. Fundo mtafunga baadaye. Shikeni tu.